Makerere nayo iliwahi kuambiwa haitoshi

Ndugu zangu, zamu ya kuandika historia mwezi huu imeniangukia mimi. Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya Wapolandi waliowekwa kambi za Koja na Nyabyeya wakati wa vita ya pili ya dunia, kwa sababu wengi wetu hatujui kwamba Uganda ilishapokea wakimbizi Wazungu kabla ya kutupokea sisi. Hiyo itangoja. Jumapili iliyopita jirani yangu alinifungulia bahasha moja, na kutoka hapo nimejikuta nasoma habari za Mulago ya miaka ya 1920 mpaka usiku wa manane.

Huyo jirani tunamwita Mama Docta. Si jina la utani. Alisoma udaktari Bukavu, akafanya kazi miaka saba kwenye hospitali za Kivu Kusini, amewahi kumpasua mama aliyeshindwa kuzaa kwa mwanga wa tochi, na mama na mtoto wakapona. Leo anaishi chumba kimoja Nsambya na watoto wake watatu, na kazi yake ni kutafsiri kwenye kliniki. Mgonjwa wa kwetu anaingia, anaeleza kwa Kiswahili cha kwetu, yeye anamweleza kwa Kiingereza daktari kijana ambaye, ukiangalia umri, angekuwa mwanafunzi wake.

Akaniambia: "Mwanangu, juzi ameingia mama mmoja. Amesema tumbo linamkata upande mmoja, ana kizunguzungu, na hajaona mwezi. Maneno hayo matatu tu. Mimi nikajua mimba iko nje ya kizazi. Nikatafsiri maneno matatu, halafu nikasubiri."

Nikamuuliza, ulisubiri nini?

"Nilisubiri docta afike pale nilipokuwa mimi."

Alifika, tushukuru. Dakika kama kumi na maswali mengi, lakini alifika, na yule mama akakimbizwa hospitali kubwa, yuko hai. Nikauliza kwa nini hakusema mapema. Alisema siku ya kwanza ya kazi alisaini karatasi kwamba mtafsiri hatoi maoni ya kitabibu. "Kama ningeona anakosea, ningeichana hiyo karatasi. Hakukosea. Alichelewa tu, na mimi nilikaa kimya dakika kumi nikihesabu damu ya mwenzangu."

Ndipo nikauliza lile swali la kijinga ambalo kila mtu anamuuliza: Mama, si uombe tu leseni? Akacheka, akainama chini ya kitanda, akatoa bahasha. Nitaifungua mbele yenu, ila kwanza tupite Mulago, kwa sababu bila Mulago utadhani shida hii imeanza na sisi.

Mwaka 1897 daktari mmisionari Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo, mlima ule ule tunaouona tukiwa Katwe. Mulago ilianza mwaka 1913. Wakati wa vita ya kwanza, mwaka 1917, Waingereza walikusanya vijana waliosoma shule za misheni wakaunda kikosi cha tiba cha Waafrika, kwa sababu wapagazi na askari walikuwa wanakufa kwa magonjwa kuliko kwa risasi. Vijana wale walionyesha kwamba wanaweza. Makerere ikafunguliwa 1922 kama shule ya ufundi, na kufikia 1924 mafunzo ya udaktari yakawa yameanza, darasa Makerere na wagonjwa Mulago.

Sasa sikilizeni. Kijana akimaliza miaka yote ile, akafaulu, akajua kufunga mfupa na kutibu kichomi, alipewa kazi serikalini kwa cheo chenye neno "msaidizi" ndani yake. Msaidizi wa nani? Mara nyingi huko wilayani hakukuwa na daktari mwingine wa kumsaidia. Alikuwa peke yake na wagonjwa mia. Lakini mshahara ulikuwa wa msaidizi, nyumba ya msaidizi, na sheria ya kikoloni haikumruhusu kufungua chumba chake cha kutibia. Akiacha kazi ya serikali, udaktari wake unabaki mlangoni.

Sheria zile za Afrika Mashariki zilikuwa na milango miwili. Mlango mkubwa ulikuwa wa kusajiliwa, yaani jina lako linaingia kwenye daftari la madaktari kamili, na hapo ilibidi uwe na shahada inayokubalika Uingereza. Mlango mdogo ulikuwa wa leseni. Huo ulikuwa wa Wahindi waliosomea vyuo vidogo vya tiba vya India na kuletwa huku kama wasaidizi wa wapasuaji, na baadaye wa Waafrika wa Makerere. Leseni ilimaanisha: fanya kazi, lakini hapa tu, chini ya huyu, kwa mshahara huu. Nilipoelewa hilo nilishtuka kidogo. Neno ambalo Mama Docta analiota usiku, wakati ule lilikuwa neno la kumweka mtu chini.

Watu hawakukubali kimya. Madaktari wa Makerere waliandika barua, wakaunda vyama, wakadai mshahara na jina. Hata baadhi ya walimu wao Wazungu waliwasimamia. Hugh Trowell, yule aliyejulikana kwa utafiti wa kwashakoo Mulago, alishikilia kwamba Mwafrika afundishwe udaktari kamili na si nusu. Wapo wakubwa waliosema Afrika haihitaji madaktari kamili, inahitaji wasaidizi wengi wa bei nafuu. Hoja hiyo mkiisikia leo kwenye semina, mjue ina umri gani.

Ni mwaka 1957 ndipo Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza, kule London, lilipoitambua stashahada ya udaktari ya Makerere. Hesabu: kutoka 1924 mpaka 1957 ni miaka 33. Kijana aliyeingia darasa la kwanza akiwa na miaka 20 alikuwa na miaka 53 siku ile. Miaka miwili baadaye, 1959, Josephine Nambooze alihitimu pale, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa daktari kutoka Makerere. Mulago mpya, lile jengo kubwa, ilifunguliwa Oktoba 1962 pamoja na uhuru, na mwaka 1963 wanafunzi wakaanza kupata shahada kamili ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Nisidanganye: masomo ya 1957 hayakuwa sawa na ya 1924. Katikati waliongeza miaka ya kusoma, walimu, maabara, mitihani yenye wasahihishaji kutoka nje. London haikuamka asubuhi moja ikawa na roho nzuri. Lakini mtu aliyehitimu mwaka mmoja kabla na aliyehitimu mwaka mmoja baada walisoma vitabu vilevile kwa walimu walewale. Kilichobadilika kati yao ni nani kule mbali ameweka sahihi.

Baraza hilohilo la London lina hadithi nyingine, na hii inatuhusu sisi wakimbizi moja kwa moja. Mwaka 1938 Hitler alipoimeza Austria, madaktari Wayahudi wa Vienna walikimbilia Uingereza. Vienna wakati ule ilikuwa mji ambao madaktari wa dunia nzima walikwenda kujifunza. Madaktari wa Uingereza wakaogopa kunyang'anywa wagonjwa, chama chao kikapinga, na mwisho serikali ikakubali kuruhusu Waustria 50. Hamsini tu! Na hao hamsini walitakiwa kurudia miaka miwili ya masomo hospitalini kabla ya kugusa mgonjwa peke yao. Wengine walifanya kazi za nyumbani, wengine walikaa. Halafu vita ikakolea, madaktari wa Kiingereza wakaitwa jeshini, hospitali zikabaki tupu, na mwaka 1941 ikatoka amri ya usajili wa muda: madaktari wa kigeni wafanye kazi hospitalini wakati wa vita. Mwaka 1947 sheria nyingine ikawafungulia njia ya kubaki kwenye daftari moja kwa moja. Walikuwa watu walewale wa 1938, na diploma zilezile.

Na sisi Wakongomani tusijifanye kwamba kwetu mambo yalikuwa tofauti. Wabelgiji nao walikuwa na "assistants médicaux". Walisomeshwa miaka mingi, wakatibu vijiji vizima, ila hawakuitwa madaktari. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Congo nzima ilikuwa haina daktari Mkongomani aliyehitimu kwa shahada kamili, na ndani ya wiki chache madaktari wa Kibelgiji wengi walikuwa wameshapanda ndege. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilileta madaktari kutoka nchi mbalimbali kuziba pengo. Wahaiti walikuja wengi miaka ile, madaktari na walimu. Babu zetu walitibiwa na madaktari wa kigeni ambao diploma zao hakuna mtu Congo aliyekuwa na muda wa kuzilinganisha na chochote.

Lakini kitu kinachonipendeza zaidi ni walichofanya na wale wasaidizi. WHO ilitoa nafasi za masomo, makumi yao wakapelekwa vyuo vikuu vya Ufaransa. Hawakurudishwa mwaka wa kwanza kama watoto. Miaka waliyokwisha kusoma ilihesabiwa, wakaongezewa kilichopungua, na baada ya miaka michache wakarudi nyumbani wakiwa madaktari kamili. Mtu aliuliza: huyu anajua nini tayari, na kimebaki nini? Hilo swali mlikumbuke, nitalirudia.

Sasa turudi Kampala. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Kati yao walikuwemo madaktari wengi. Wazungu waliofundisha Mulago nao wakaondoka au wakafukuzwa. Profesa Ian McAdam, mkuu wa upasuaji, alifukuzwa mwaka huohuo. Halafu ikafika zamu ya Waganda wenyewe. Miaka ile ya sabini na themanini madaktari wa Makerere walitawanyika Kenya, Zambia na mbali zaidi, wakibeba diploma zao kwenye bahasha kama ya Mama Docta, wakibisha hodi kwenye mabaraza ya nchi za watu.

Mmoja wao nimtaje kwa jina kwa sababu ni mtu wa hadharani. Ruhakana Rugunda alianza udaktari Makerere, siasa ikamfukuza nchini, akamalizia Chuo Kikuu cha Zambia, akafanya kazi ya udaktari Zambia na baadaye Nairobi. Alikuwa daktari mkimbizi. Mwaka 2013 alikuwa Waziri wa Afya wa Uganda, na kuanzia 2014 mpaka 2021 alikuwa Waziri Mkuu. Sasa ninyi mnajua vizuri ni ofisi gani inayoshughulikia wakimbizi Uganda: ni hiyohiyo Ofisi ya Waziri Mkuu, ile OPM tunayopanga foleni. Yaani kwa miaka kama saba, aliyekuwa juu kabisa ya vitambulisho vyetu ni mtu aliyewahi kuomba nafasi ya kutibu katika nchi isiyo yake.

Sitaki kusema nchi hii imesahau. Sheria inaonyesha haikusahau. Mwaka 1960 sheria ya wakimbizi ya Uganda iliitwa ya "kudhibiti" wakimbizi wageni, na ndani yake ilikuwa hivyohivyo, udhibiti. Mwaka 1976 Uganda ikajiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, tena wakati wa Amin, jambo ambalo hunishangaza kila nikilikumbuka. Na mwaka 2006 ikapitisha Sheria ya Wakimbizi ambayo watu wa mashirika wanaisifia duniani kote. Kifungu cha haki zetu, cha 29 kwa hesabu ya mwaka ule, kinataja waziwazi haki ya mkimbizi kufanya taaluma yake ikiwa ana vyeti vinavyotambuliwa na mamlaka husika za Uganda. Nimeisoma mara tatu. Haki ipo. Ila soma tena yale maneno: vinavyotambuliwa na mamlaka husika. Mlango umefunguliwa na mlango wa pili umewekwa nyuma yake.

Basi bahasha. Ndani yake kuna vitu vya aina mbili, vilivyopo na visivyokuwepo.

Vilivyopo: diploma, iliyokunjwa mara nne kwa sababu ilivuka mpaka wa Bunagana ndani ya nguo ya mtoto. Karatasi za alama za miaka yote, isipokuwa ya mwaka mmoja. Kadi ya zamani ya hospitali. Kitambulisho cha mkimbizi, hiki cha Uganda.

Njia yenyewe inakwenda hivi. Karatasi za Kifaransa zitafsiriwe Kiingereza na mtafsiri anayekubalika. Shahada ipelekwe Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lile lililoundwa kwa sheria ya 2001, walinganishe kama ni sawa na shahada ya hapa. Kisha faili liende Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, lililoundwa kwa sheria ya 1996. Huko wanahakikisha chuo chako ni chuo kweli na wewe ni wewe. Daktari aliyesomea nje anatahiniwa, na anaweza kutakiwa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi kabla ya kuachiwa mgonjwa. Ukipita, unaingizwa kwenye daftari, na kila mwaka unalipia leseni ya kutibu. Kila hatua ina ada yake. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, kila ada ni kodi ya nyumba.

Mitihani Mama Docta haiogopi. Anasoma usiku, kitabu cha magonjwa ya ndani kiko juu ya sufuria. Na mimi hapa nataka kusema kitu ambacho baadhi yenu mtanikasirikia: mtihani ni haki uwepo. Mwaka juzi mdogo wangu alichomwa sindano kwenye kliniki moja ya mtaani, sitaitaja, na mtu aliyevaa koti jeupe ambaye baadaye tulijua hakuwa na cheti chochote. Mguu ulivimba wiki tatu. Huku wanaita kila mtu wa dawa musawo, awe daktari, awe nesi, awe muuza duka la dawa, na hilo linawapa matapeli pa kujificha. Baraza linalouliza maswali magumu linanilinda mimi na mdogo wangu. Daktari mwenye ujuzi hana sababu ya kukataa kuulizwa, na Mama Docta ndiye aliyeniambia hivyo, sikubuni.

Kinachomkwamisha ni kisichokuwepo ndani ya bahasha. Ni barua ya mwenendo mwema wa kikazi, ile inayotoka kwa chama cha madaktari cha nchi uliyotoka, kusema huyu ni mwenzetu, hajawahi kufutwa, hana kesi. Mabaraza mengi duniani yanaidai, na yanaidai iwe ya karibuni. Kwa daktari Mmarekani anayekuja kujitolea Mulago, barua hiyo ni barua pepe moja. Kwa mkimbizi, unaambiwa urudi ukaombe karatasi kwa nchi uliyoikimbia. Mama Docta alijaribu. Ofisi moja kule nyumbani ilimwambia alipe michango ya miaka yote tangu aondoke. Alipopata pesa nusu, aliambiwa afike mwenyewe. Halafu ikaja mwaka 2025: Goma ikachukuliwa na M23 mwisho wa Januari, Bukavu katikati ya Februari, na mtu aliyekuwa anamfuatilia karatasi akawa yeye mwenyewe anatafuta pa kukimbilia. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tukashangilia hapa mpaka usiku. Diploma ya Bukavu haikuingia pamoja nayo.

Hapa sasa naomba ninyi wa mashirika mnaosoma msogee karibu, kwa sababu kuna kitu nilikikuta usiku ule nilipokuwa nasoma Mkataba wa 1951. Kila mtu anataja kifungu cha 19, kile cha wanataaluma. Sikilizeni cha 25. Kinasema kwamba mkimbizi akihitaji msaada wa mamlaka za nchi ambazo hawezi kuziendea, nchi inayomhifadhi ihakikishe msaada huo unapatikana kwa mamlaka zake yenyewe au kwa mamlaka ya kimataifa, na karatasi zitakazotolewa zisimame mahali pa zile za kwao. Yaani watu wa 1951, waliotoka kuwaona wale madaktari wa Vienna, walishaifikiria barua ya Mama Docta!

Lakini Uganda ilipojiunga mwaka 1976 iliweka masharti juu ya vifungu kadhaa, na cha 25 ni kimojawapo. Sharti lake, kwa maneno yangu: tutasaidia, ila hatutabeba gharama, isipokuwa UNHCR iombe msaada huo na irudishe hizo gharama. Soma polepole. Uganda haikukataa. Ilisema nani alete ombi na nani alipe. Karibu miaka hamsini sentensi hiyo imekaa pale.

Ninajua mtaniambia bajeti imekatwa. Ni kweli, tunaiona kwenye mgao wa kambini. Lakini Mama Docta ameitwa mara tatu kwenye mafunzo ya kujitegemea. Mara ya kwanza kutengeneza sabuni, ya pili kushona, ya tatu sabuni tena. Ana vyeti vitatu vya mashirika matatu, vyote vina muhuri mzuri. Sidharau sabuni, mama yangu ametulea kwa sabuni. Nauliza tu, hakuna hata mmoja kati ya wale waliomwandikisha aliyemuuliza swali la 1960: huyu anajua nini tayari, na kimebaki nini? Kwenye fomu kuna sehemu ya elimu. Aliandika udaktari. Yule kijana wa fomu alimwangalia, akaandika "sekondari na zaidi".

Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5. Kati yao wamo madaktari, manesi, wakunga, watu wa maabara. Baadhi wanasoma kikundi hiki, najua, kwa sababu mlinitumia ujumbe nilipoandika juu ya walimu. Hamkutaka majina yenu yaonekane kwa kuogopa kazi mlizonazo. Nimeheshimu.

Nilipomsimulia Mama Docta habari za Makerere na ile miaka 33, nilifikiri zitamtia moyo. Hakufurahi. Alinyamaza, akaniuliza: "Wale wa 1924, walioanza, ni wangapi waliokuwa bado wanatibu 1957?" Sikuwa na jibu. Akasema yeye ana miaka 41. Mikono ya mpasuaji inahitaji kufanya kazi, akasema, inasahau kama lugha inavyosahau. Kisha mtoto wake mdogo akaingia na kidole kimekatwa na kopo, na nikamwona akikisafisha na kukifunga bila kukiangalia sana, huku ananiuliza kama nitabaki kula.

Nilibaki. Tukala sombe na ugali, na baada ya kula tukapanga mambo kwenye daftari langu. Mwezi huu alama za ule mwaka uliokosekana, kuna mwanafunzi mwenzake wa zamani yuko Kigali ambaye huenda ana nakala ya orodha ya darasa. Tafsiri tumepata mtu wa kuifanya kwa kulipwa kidogokidogo. Barua ya mwenendo mwema ndiyo imebaki, na tumeandika barua moja, kwa Kiingereza, kurasa mbili, inayotaja kifungu cha 25 na lile sharti la 1976 neno kwa neno, ya kuomba ombi lipelekwe rasmi. Itakwenda kwa ofisi tatu Jumanne asubuhi. Tutaomba kila nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, hata kama ni kusubiri mpaka saa kumi.

Kama wewe ni daktari, nesi au mkunga na una bahasha yako chini ya kitanda, niandikie faraghani kabla ya Jumatatu jioni. Tunataka barua iwe na sahihi zaidi ya moja. Na kama una mtu Kinshasa anayeweza kufika ofisi na kurudi bila kuogopa, tafadhali, huyo ndiye tunayemhitaji kwanza.